MTO HUJA BILA MVUA: SOMO KWA JAMAA ZA ISIOLO

Wako watu wanaodhani ya kuwa gharika ni taabu ya nchi zenye mvua nyingi, na ya kuwa sisi wa Isiolo, tuliozoea kutazama mbingu na kukosa wingu, hatuna haja ya kujifunza habari zake. Dhana hiyo ni ya hatari. Somo letu la leo laeleza kwa nini, na ni mambo gani yampasayo kila mwenye nyumba kabla ya mvua za Machi hata Mei, ziitwazo Ganna na Waborana, na zile za Oktoba hata Desemba, ziitwazo Hagaya.

MAJI YATOKA WAPI?
Mto Ewaso Ng'iro hauyapati maji yake katika nchi kavu iupitiayo. Asili yake ni Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Kutoka huko hushuka, ukapita Archers Post na Merti, hata ukafika katika kinamasi cha Lorian. Basi mvua kubwa ikinyesha mlimani usiku, mchungaji wa Merti aweza kuona nyota tupu juu ya kichwa chake, na kumbe maji yako njiani. Ni vivyo hivyo kwa mto wa Isiolo wenyewe, na kwa zile laga, mikondo mikavu ya mchanga, ambazo hujaa ghafula kwa mvua iliyonyesha mbali.

Wakati wa kiangazi mchanga wa mtoni hupendeza. Watu huchimba visima humo, wanyama hunyweshwa, na watoto hucheza kivulini. Kwa hiyo mtu husahau kwamba hapo alipolala ni njia ya maji, na mwenye njia atarudi.

UKAME NA GHARIKA HUFUATANA
Mwaka 1961 nchi ya Kenya ilikuwa imechoka kwa ukame mkali. Kabla ya mwaka kwisha zikaja mvua kubwa zilizozamisha mashamba na kukata barabara. Jambo la namna hiyo lilionekana tena karibuni. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipunguka mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Kisha katika miezi ya mwisho ya 2023 gharika ikaikumba nchi ile ile. Ardhi isiyo na majani, iliyokauka na kukanyagwa na wanyama, hainywi maji upesi. Huyaacha yateremke yote kwa pamoja.

MAMBO YA KUTENDA KABLA YA MVUA
Kwanza, boma lisijengwe ukingoni wala ndani ya laga. Jamaa yote ipatane juu ya mahali palipoinuka pa kukimbilia, hata mtoto mdogo apajue. Na ijulikane mapema ni nani atakayemchukua bibi mzee.

Pili, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki zitiwe pamoja katika mfuko usiopenya maji. Wekeni akiba ya chakula cha siku kadhaa, dawa za mgonjwa wa nyumbani, tochi, kiberiti, na vyombo vya maji vyenye vifuniko.

Tatu, msikilizapo habari za hali ya hewa katika redio, msiulize habari za Isiolo peke yake. Ulizeni pia za Mlima Kenya na Nyandarua. Mwenye ndugu upande wa juu wa mto na apatane naye ampigie simu maji yanapopanda.

KUVUKA
Maji yaendayo kwa nguvu yenye kina cha sentimita 15 tu, kupita kifundo cha mguu kidogo, yaweza kumwangusha mtu mzima. Na ya sentimita 60 yaweza kuchukua motakaa. Rangi yake ya matope huficha shimo na gogo. Kungoja maji yapungue si woga. Heshima ya dereva ni kuwafikisha abiria wake wakiwa hai.

BAADA YA MAJI
Maji ya kunywa yachemshwe, kwa maana gharika huchanganya vyoo na visima. Watoto na walale ndani ya chandarua.

Tena iko homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kwanza karibu na Naivasha, na kuelezwa na wataalamu mwaka 1931. Wako mbu ambao mayai yao hukaa katika udongo mkavu kwa miaka, yakingoja mafuriko ili yaanguliwe. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 homa hiyo iliwapata watu na mifugo hapa Isiolo. Dalili yake kubwa ni kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja. Uonapo hayo, usiguse mimba wala damu kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, usinywe maziwa mabichi; mwarifu bwana daktari wa mifugo mara moja. Lakini chanjo hutangulia mvua; maradhi yakiisha kuingia, imechelewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA NYUMBANI
1. Maji yakija usiku huu, tutakimbilia wapi, na kwa njia gani?
2. Ni nani atakayetuarifu kutoka upande wa juu wa mto?
3. Mifugo yetu imechanjwa lini?

Nyumba isiyo na majibu na iyatafute leo, mchanga ungali mkavu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.