Swichi moja badala ya kibodi



Somo la toleo hili ni namna ya kuifanya bodi ndogo ya kielektroniki ijitambulishe kwa kompyuta kama kibodi. Huenda mjumbe wa kamati akauliza: kibodi zimejaa madukani, ya nini kutengeneza nyingine? Tunajibu kwa habari ya binti mmoja.

Binti huyu ana miaka 14 na ana mtindio wa ubongo. Anasikia na kuelewa vizuri, ila hawezi kusema, na vidole vyake havimtii. Kituo anachosoma kilipata kompyuta ya msaada, na kamati ikaona kazi imekwisha. Tulipokitembelea, kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa. Kila binti alipojaribu kuandika, mkono wake uliangukia vitufe vitano kwa pamoja. Kompyuta ilikuwepo, lakini yeye hakuwa na mlango wa kuingilia.

Kompyuta huamini inachoambiwa

Kifaa kinapochomekwa kwenye tundu la USB, kompyuta hukiuliza ni kifaa gani. Kifaa hujibu kwa maelezo yaliyomo ndani yake. Kikisema kuwa ni kibodi, kompyuta hukubali, bila kujali kina vitufe mia au kimoja. Kisha kifaa hutuma taarifa fupi, kwa kawaida za baiti 8, zenye namba za vitufe vilivyobonyezwa. Kwa mfano, kitufe cha nafasi ni namba 44.

Kinachotumwa ni namba ya kitufe, si herufi yenyewe. Namba 4 huandika A kwenye kompyuta iliyopangwa kwa kibodi ya Kiingereza, lakini huandika Q kwenye iliyopangwa kwa kibodi ya Kifaransa. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi walikumbuke hilo. Kitufe cha nafasi hakina tatizo hilo, na ndicho tutakachotumia.

Vifaa vinavyohitajika

• Bodi ya maikrokontrola inayoweza kuzungumza USB yenyewe. Arduino Leonardo, yenye chipu ya ATmega32U4, inafaa. Arduino Uno ya kawaida haifai kwa njia hii, kwa sababu chipu yake kuu haizungumzi na USB moja kwa moja. Raspberry Pi Pico nayo inafaa. Ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa dola 4 za Marekani.
• Swichi kubwa ya kubonyeza, imara, isiyohitaji nguvu nyingi.
• Nyaya mbili, na kasha la kufunika bodi.
• Waya wa USB unaopitisha data. Sisi tulipoteza mchana mzima tukidhani bodi imekufa, kumbe waya ulikuwa wa kuchajia simu tu.

Hatua za kufuata (kwa Arduino Leonardo)

1. Unganisha waya mmoja wa swichi kwenye pini namba 2, na wa pili kwenye pini iliyoandikwa GND. Umeme wa USB ni volti 5 tu, hauwezi kumdhuru mtumiaji.
2. Katika programu, weka pini namba 2 katika hali ya INPUT_PULLUP. Swichi ikiwa wazi pini husomeka juu. Ikibonyezwa husomeka chini.
3. Tumia maktaba ya Keyboard. Pini inapotoka juu kwenda chini, agiza Keyboard.write(' ') mara moja tu. Agizo hili hubonyeza kitufe cha nafasi na kukiachia papo hapo, hata kama mkono umebaki juu ya swichi.
4. Baada ya kila mbonyezo, bodi isikubali mwingine kwa muda mfupi. Chuma cha swichi hudundadunda kikigusana, na milisekunde 50 zinatosha kwa hilo. Kwa mkono unaotetemeka, anza na milisekunde 300 kisha rekebisha ukiwa na mtumiaji mwenyewe.
5. Hakikisha bodi haiandiki chochote kabla swichi haijabonyezwa. Bodi inayoandika mfululizo huvuruga kompyuta nzima, na ni shida kuipakia programu mpya.

Kuandika kwa mbonyezo mmoja

Windows ina kibodi inayoonekana kwenye skrini. Katika mipangilio yake, chagua ijipitishe yenyewe juu ya vitufe, na kitufe cha nafasi kiwe cha kuchagulia. Mwanga hupita sehemu kwa sehemu. Mwandishi akibonyeza, huingia ndani ya sehemu hiyo hadi kufika kwenye herufi anayoitaka. Kasi hupunguzwa kulingana na mtu.

Kosa letu lilikuwa kuiweka swichi mezani, mbele ya mkono. Binti alihangaika hadi akachoka. Ni mama yake aliyetuambia, "Jamani, mbona kichwa anakigeuza vizuri?" Tukaifunga swichi kando ya kichwa, kwenye kiti chake. Ilimchukua karibu dakika kumi kuandika maneno mawili: "sitaki uji". Mama alicheka, kisha akanyamaza. Kwa miaka yote alimpa uji kila asubuhi, akiamini anaupenda.

Tahadhari

Kompyuta inayoamini kila kibodi inaweza pia kudanganywa. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kuwa flashi inaweza kubadilishwa ijifanye kibodi na kuandika amri yenyewe. Kwa hiyo ofisi ya parokia isichomeke flashi iliyookotwa wala kifaa kisichojulikana kilikotoka. Bodi mnayotengeneza iandikwe kazi yake juu ya kasha, na nakala ya programu itunzwe ofisini.

Kwa wahisani tunasema hivi: bodi ni sehemu ndogo ya gharama. Kilicho kikubwa ni siku kadhaa za kukaa na mtumiaji na familia yake, kutafuta kiungo kinachomtii, na kurudi kurekebisha. Siku hizo nazo ziwekwe kwenye bajeti.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Je, kuna kifaa tulichokipokea ambacho sasa kimefunikwa kitambaa? Ni nani alishindwa kukitumia, na kwa nini?
2. Ni nani katika jumuiya yetu anayeelewa lakini hana njia ya kujieleza? Nani anamfahamu zaidi, na je, tumemuuliza?
3. Swichi ikiharibika, nani hapa kwetu ataitengeneza?