Jalebi zinazolegea

Swali: Ninakaa Kabambare. Jalebi zangu hutoka kwenye mafuta zikiwa kavu, lakini nikizitia kwenye shira zinalegea palepale. Nirekebishe nini?

Jibu: Dada, anza na unga. Ngano peke yake hulainika upesi. Kwa kila kikombe cha ngano changanya vijiko 2 vikubwa vya unga wa mchele. Hapo una bahati, maana mkoa wako wa Maniema unalima mpunga tangu waungwana, wafanyabiashara wa pwani, walipouleta karne ya 19. Tia nusu kijiko kidogo cha hamira na maji ya uvuguvugu, uache uumuke saa 1. Rojo liwe zito, litiririke bila kukatika.

Ila kosa kubwa, naona, liko kwenye shira. Chemsha vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji, na matone ya ndimu ili isigande. Poza tone moja, ulibane kati ya vidole: likivuta uzi, epua. Shira nyepesi huilowesha jalebi hadi ndani. Shira iwe ya uvuguvugu, jalebi iingie ikitoka motoni, ikae nusu dakika tu.

Kaanga kwa mafuta ya karanga, moto wa makala uwe wa wastani. Mawese nayapenda sana kwenye sombe. Lakini hapa, ukitia iliki, yataifunika.