Somo la Karakana: Kila Kisu na Mpaka Wake



Mashine za kukereza zinazoongozwa na kompyuta zipo sasa hata katika karakana zinazotengeneza vipuri vya viwanda vya sukari na chai. Kazi yake ni ya haraka, na mgongano wake ni wa haraka vilevile. Tareti, yaani kile kichwa kinachobeba visu, huweza kukimbia mita 10 au zaidi kwa dakika ikiwa haikati chuma. Ikigonga taya za chaki inayozunguka, kisu huvunjika, taya huweza kung'oka na kuruka, na aliyesimama mbele ya mlango ndiye wa kwanza kuumia. Halafu fundi huitwa ofisini ajieleze.

Wako wanaosema kuwa mashine imekuja na mipaka yake, kwa hiyo haiwezi kujigonga. Sivyo. Mipaka hiyo huizuia tareti isipite mwisho wa njia yake. Haijui kisu kimetokeza kiasi gani.

Tufanye hesabu. Tuseme tareti ikiwa kwenye kituo chake cha mwanzo, uso wake uko milimita 520 kutoka uso wa taya. Kisu cha kukereza nje kimetokeza 30. Basi tareti yaweza kwenda 490 ndipo kisu kiguse. Tukiacha 3 za usalama, mpaka ni 487. Fimbo ya kupanulia tundu imetokeza 140. Yenyewe itagusa kwenye 380, na mpaka wake ni 377. Sasa ipeni fimbo ule mpaka wa 487: ncha yake imeruhusiwa kuvuka uso wa taya kwa milimita 107, na kompyuta haitalalamika hata kidogo.

Ndiyo maana tunasema mpaka uandikwe kwa kila kisu. Katika mashine nyingi zenye kompyuta ya Fanuc, amri ya G22 huweka mpaka na G23 huuondoa. Vipimo huhesabiwa toka kituo cha mwanzo cha mashine, si toka uso wa kazi. Mstari wa G22 uandikwe mara tu kisu kinapoitwa, kabla hakijasogea. Kisu kisichoandikiwa mstari wake hurithi mpaka wa kisu kilichotangulia, na hapo ndipo hatari inapojificha. Si kila mashine imewekewa huduma hii. Someni kitabu chake, na kama kimefungiwa kabatini mwa ofisi, kidaini.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni jirani. Tareti ya nafasi 12 huviweka visu karibu karibu. Kisu kifupi kinapofanya kazi karibu na katikati, fimbo ndefu iliyo nafasi ya pili nayo inasogea mbele ya taya, ingawa haina kazi yoyote wakati huo. Katika mfano wetu, kisu kifupi kikiwa jirani ya fimbo, mpaka wake si 487 tena bali 377. Kama hautoshi kwa kazi hiyo, hamisheni fimbo, acheni nafasi tupu kati yao. Msiongeze mpaka.

Kabla ya kuanza zamu, jaribuni mipaka pasipo kazi ndani ya chaki na chaki ikiwa imesimama. Sogezeni tareti polepole kwa gurudumu la mkono mpaka mashine ikatae, kisha pimeni nafasi iliyobaki. Alamu ya mpaka husimamisha mwendo wa tareti. Msidhani kwamba chaki nayo itasimama. Mlango ubaki umefungwa.

Andikeni vipimo hivyo kwenye karatasi ya kazi, pamoja na tarehe, zamu na saini ya aliyepima, nakala moja ibaki kwa mwakilishi wa wafanyakazi. Taya au kishikio cha kisu kikibadilishwa, karatasi hiyo ifutwe na kipimo kichukuliwe upya, hata kama msimamizi ana haraka.