Kusingizia Utasa Mbele ya Wakwe

Msomaji wa komini ya Ibanda mjini Bukavu, mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 33, ameandika kuuliza kama mwanamke aliyeamua kutozaa anawajibika kuwaeleza wakwe zake uamuzi huo kabla ya mali kutolewa, au kama anaweza kufuata shauri la mchumba wake, ambaye amekubali waishi wawili tu lakini anataka ndoa ifungwe kimya kimya, kisha baada ya miaka miwili au mitatu ukoo uambiwe kwamba daktari amemkuta mke ni tasa. Mali, kwa wasioishi Kivu, ndilo jina linalotumiwa huku kwa mahari, na katika shauri hili ni ng'ombe ambao familia mbili zimekwisha kupatana idadi yao.

Barua haiombi ruhusa ya kutozaa, wala safu hii haina ruhusa hiyo ya kugawa. Mwandishi wake ameeleza kwamba ni mzaliwa wa kwanza, kwamba mama yake alikuwa akishinda soko la Kadutu tangu alfajiri, na kwamba kikwembe cha kubebea mtoto kilimkaa mgongoni tangu akiwa na miaka tisa hadi mdogo wake wa sita alipoanza kutembea. Lakini hata asingetaja sababu yoyote, uamuzi ungebaki kuwa wake. Ni uamuzi mgumu kueleweka katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikadiria wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke, na ambako anayejifungua huanza siku hiyo hiyo kuitwa Mama Fulani, jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho. Hata hivyo masista wa jimbo kuu la Bukavu hupita barabarani kila siku bila mtoto wala mume, nao husalimiwa kwa heshima, wala hakuna anayewasimamisha kuwauliza watazeekea mikononi mwa nani.

Kiswahili chenyewe hakimsaidii sana mwanamke huyu, kwa kuwa maneno kiliyo nayo, tasa kwa yule ambaye mwili wake haushiki mimba na mgumba kwa yule asiye na mtoto, yote husemwa kwa sauti ya pole, na hakuna hata moja linalomtaja mtu aliyekataa kwa hiari. Hapo ndipo mchumba alipoona mwanya, akidhani kwamba neno la kuhurumiwa litawafaa kuliko neno linalokosekana.

Shauri lake ni baya, tena kwa sababu ambazo pengine hakuzifikiria. Utasa ukishatangazwa huwa jambo la ukoo mzima, nao hauachwi hivi hivi: mama mkwe ataleta mizizi ya kuchemsha, shangazi atamshika mkono hadi chumba cha maombi akafunge siku tatu, wifi atataja daktari wa Kigali, na mwishowe kaka za mume watamnong'oneza afungue biro ya pili, yaani amweke mwanamke wa nje katika nyumba yake ili apate mrithi. Mke atayameza yote hayo kwa ajili ya ugonjwa asio nao. Tena inafaa kuangalia ni mwili wa nani uliochaguliwa kubeba uongo, kwani mchumba hakupendekeza kwamba daktari akute kasoro kwake yeye. Isitoshe, Bukavu ndiko iliko hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, ambako wanawake wengi wametibiwa majeraha ya ubakaji na ya uzazi. Katika mji wa namna hiyo utasa ni kidonda cha watu halisi, na si vyema mwenye afya akakiazima.

Kuhusu mali, Kanuni ya Familia ya Kongo, iliyotungwa 1987 na kurekebishwa 2016, inawataka mchumba wa kiume na familia yake wapatane na wazazi wa binti, na hutaja kuendeleza kizazi miongoni mwa makusudi ya ndoa. Wakwe basi ni upande mmoja wa mapatano, nao huwatoa ng'ombe wakiwa na matumaini ambayo wachumba wanajua hayatatimia. Waelezwe mapema, lakini asiyaseme bibi arusi: ni kazi ya mwana kuketi na baba yake na kusema kwamba uamuzi ni wa wote wawili. Akikataa, au akiendelea kuahirisha, mwandishi wa barua ana haki ya kushuku kwamba kukubali kwake kulikuwa kumsubiri abadilike, na itakuwa nafuu kulijua hilo ng'ombe wakiwa bado zizini kwao.

Kanisani pia njia ya mchumba haipiti, maana wawili hao wanakusudia kufunga ndoa ya Kikatoliki, na sheria ya Kanisa ya 1983 husema wazi kwamba utasa hauibatilishi ndoa, ilhali ndoa ya mtu aliyekusudia kwa dhati kuukataa uzazi ni batili. Padri atawauliza kama watawapokea watoto, nao ama watadanganya mbele ya altare ama watafunga ndoa ya serikali peke yake.

Msomaji ameuliza mambo mengine mawili, yaliyo mepesi zaidi. Kuhusu uzazi wa mpango, sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 hutaka wanandoa wakubaliane juu ya njia ya kuzuia mimba, ila wasipokubaliana, utashi wa mwenye kutumia njia hiyo ndio unaotangulia. Kuhusu kiwanja chake cha Bagira, ambacho angependa kimfikie binti wa mdogo wake, ajue kwamba kwa asiye na mtoto sheria huwaita kwanza mume, wazazi na ndugu, na binti huyo hamo maadamu mama yake yu hai. Inambidi kuandika wosia, wote kwa mkono wake mwenyewe, wenye tarehe na sahihi, baada ya kumuuliza mwanasheria ni sehemu gani ya mali inayoweza kuachwa kwa njia hiyo. Nao anaweza kuuandika hata wiki hii, kabla ng'ombe hawajafika.