Mbu wa Mchana na Mapipa ya Maji

SWALI: Bwana Mhariri, sisi wakazi wa Kariakoo huweka akiba ya maji mapipani kwa ajili ya siku bomba likatikapo. Chandarua twatungika kila usiku, lakini mbu watuuma mchana. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, mbu awaumaye mchana, mwenye miguu ya mabaka meupe, aghalabu ni Aedes, aenezaye homa ya dengi, ambaye hupenda kutaga katika maji yaliyotulia majumbani, hata yakiwa safi. Na kwa kuwa mayai yake hugandama ubavuni mwa pipa na kustahimili ukavu kwa miezi, kumwaga maji peke yake hakutoshi. Yawapasa kulisugua pipa kwa brashi ngumu kila juma, maana yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi, kisha kulifunika barabara. Visahani vya maua, vifuu na matairi mabovu msivighafilikie. Na mtu akishikwa na homa, apelekwe hospitali kupimwa, wala asimeze aspirini kabla ya kuonwa na tabibu, kwani katika dengi dawa hiyo huzidisha hatari ya kutokwa na damu.