Goti la Bibi na Sindano ya Umeme

Likizo iliyopita nilimwambia bibi yangu jambo lisilo kweli, nami sikujua kuwa si kweli. Naandika habari hii kwanza kujisahihisha, na pili kwa kuwa wengi wetu humu shuleni tuna wazee nyumbani ambao magoti yao huwauma, na huenda wakatuuliza swali lile lile.

Bibi anakaa kwetu, karibu na Masindi. Goti lake la kuume limemwuma miaka saba sasa. Asubuhi huamka limekakamaa. Akiketi chini hana budi kushika kitu ndipo asimame. Na mteremko wa kwenda kisimani huushuka ubavu ubavu, hatua moja moja. Amekwisha kupaka dawa, kumeza vidonge, na kudungwa sindano ya goti mara mbili. Nafuu huja, ikaenda zake. Siku moja shangazi, ambaye ni mwuguzi huko London, alipiga simu akasema kuwa siku hizi wako madaktari wanaoingiza sindano karibu na goti na kuichoma mishipa ya fahamu kwa umeme wa namna ya mawimbi ya redio. Bibi akanigeukia mimi, maana ndiye ninayesoma Fizikia na Bayolojia.

"Mjukuu wangu, wakiuchoma huo mshipa, goti litapona?"

Nikajibu upesi, "Ndiyo, bibi, litapona."

Kesho yake nilimsikia akimwambia jirani kuwa atamwuza ng'ombe wake wa maziwa apate fedha za matibabu hayo.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Bayolojia. Hakunicheka. Alichukua chaki, akachora goti ubaoni, akaniambia nimwonyeshe mahali panapouma. Nikaweka kidole juu ya gegedu lililolika. Akasema, "Hapo hapaumi kabisa."

Kumbe ndivyo. Gegedu ni ile nyama ngumu, nyeupe na nyororo inayofunika ncha za mifupa. Kila mtu aliyetafuna mfupa wa kuku anaijua. Haina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Kwa kuwa haina damu, ikiharibika hairudi vizuri. Na kwa kuwa haina fahamu, hulika miaka mingi bila kupiga kelele. Wanaopiga kelele ni majirani zake: mfupa ulio chini yake, utando wa ndani unaotoa ute wa kulainisha, na mfuko mgumu unaokizunguka kiungo chote. Huko ndiko mishipa ya fahamu inakoanzia. Watu wetu huyaita maradhi yote ya viungo baridi yabisi, lakini haya ya kulika gegedu ni namna moja tu, tena ndiyo iliyoenea kupita zote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nayo, na kati yao milioni 365 waliugua magoti.

Basi shangazi alisema kweli, ila mimi ndimi niliyeielewa vibaya. Sindano ile hailigusi gegedu hata kidogo. Kazi yake ni kuukata ujumbe njiani kabla haujafika kwenye ubongo.

Sasa tuingie katika Fizikia yenyewe, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi. Umeme wa nyumbani hapa Uganda hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ukikugusa, misuli hujikunja na mwili hutetemeka, na huweza kuua. Umeme wa mashine hii hugeuka kiasi cha mara 500,000 kila sekunde, karibu sana na yale mawimbi ya kati yanayopokewa na redio zetu, ila chini yake kidogo. Mfaransa mmoja, Jacques-Arsène d'Arsonval, alionyesha mnamo mwaka 1891 kuwa umeme unaogeuka kwa kasi kubwa hivyo hupita mwilini bila kuishtua misuli. Mtu huona joto tu. Mshipa wa fahamu hauwahi kuitika, maana kabla haujaamka umeme umekwisha kugeuka. Lakini zile chembe zenye umeme zilizomo katika maji ya mwili husukwasukwa huku na huku, zikasuguana, na msuguano huzaa joto.

Hapo nilikuwa na kosa la pili. Nilidhani kuwa sindano hutiwa moto kama chuma cha kupigia chapa ng'ombe, halafu ikachomekwa. Sivyo. Joto huzaliwa katika nyama yenyewe iliyo karibu na ncha, na nyama ndiyo inayoipasha sindano moto. Nilimwuliza mwalimu: umeme huo huingia kwa ncha na kutoka kwa bamba pana lililobandikwa pajani, mbona paja haliungui? Akatuambia tukumbuke kengele ya chakula. Mlangoni pa chumba cha kulia wanafunzi mia tatu husongamana hata wakatokwa jasho. Wakitoka uwanjani, ni wale wale mia tatu, lakini hapana anayemgusa mwenziwe. Umeme nao hubanwa kwenye ncha ndogo, kisha hutawanyika penye bamba.

Sindano yote hupakwa kitu kisichopitisha umeme isipokuwa kipande kifupi cha ncha. Daktari huiongoza kwa kutazama picha ya eksirei au ya mashine ya mawimbi ya sauti. Mishipa inayotafutwa kwa kawaida ni mitatu: miwili juu ya goti, mmoja upande wa ndani na mmoja upande wa nje, na wa tatu chini ya goti upande wa ndani. Mbona usiwe wa nne, chini upande wa nje? Kwa sababu karibu na hapo hupita mshipa mkubwa unaouinua wayo. Ukiuunguza huo, mgonjwa ataburuta mguu.

Kabla ya kuchoma lolote hufanywa majaribio. Kwanza, siku nyingine kabisa, mishipa ile hutiwa dawa ya ganzi tu. Mgonjwa hurudi nyumbani, hutembea, hupanda ngazi, na kuandika maumivu yamepungua kiasi gani kwa saa zile chache. Yakipungua nusu au zaidi, mishipa hiyo ndiyo yenye kosa; yasipopungua, hakuna haja ya kumsumbua. Siku ya kuchoma yenyewe, umeme mdogo wa mara 50 kwa sekunde hupitishwa katika sindano, na mgonjwa aseme kama anausikia ndani ya goti. Kisha wa mara 2 kwa sekunde, na daktari atazame kama mguu unarukaruka. Ukiruka, sindano iko karibu na mshipa wa misuli, nayo husogezwa. Ndipo hutiwa ganzi, na joto la nyuzi 70 au 80 za sentigredi hushikiliwa kwa dakika moja na nusu hivi. Katika joto hilo protini huganda kama ute wa yai kikaangoni. Mtu mwenye mashine ndogo ya kuongoza moyo hana budi kusema mapema, maana umeme huu waweza kuivuruga.

Je, yasaidia kweli? Madaktari wa Korea ya Kusini walitoa habari za jaribio lao mwaka 2011. Walichukua wazee 38 wenye magoti mabovu ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda, wakawagawa mafungu mawili. Wote walichomwa sindano zile zile, lakini fungu la pili halikupata umeme wa kuunguza mshipa, na wagonjwa hawakujua nani kapata nini. Baada ya majuma 12, kati ya 17 waliobaki katika fungu la kwanza, 10 walisema maumivu yao yamepungua nusu au zaidi. Watu 38 ni wachache, mimi naona, lakini hila ile ya sindano tupu naisifu, maana mgonjwa akitumaini sana huona nafuu hata kwa maji. Marekani nako jaribio la watu 151 lilitolewa mwaka 2018. Huko walitumia sindano ambayo ncha yake hupozwa kwa maji ndani, ili joto lienee mbali zaidi bila nyama ya karibu kukauka. Baada ya miezi sita, watu 74 katika kila 100 waliochomwa walikuwa na nafuu ya nusu au zaidi. Waliodungwa dawa ya kutuliza uvimbe gotini walikuwa 16 katika 100.

Lakini mshipa wa fahamu huota tena. Mwingereza Augustus Waller alieleza mwaka 1850, baada ya kuikata mishipa ya ulimi wa chura, jinsi kipande kilichotengwa kinavyokufa; nasi leo twajua kuwa shina lililobaki huchipua likafuata njia ile ile ya zamani, kiasi cha milimita moja kwa siku. Kwa hiyo nafuu hudumu miezi sita, pengine mwaka au zaidi, halafu maumivu hurudi. Waweza kuchomwa tena. Na katika muda huo wote gegedu ni lile lile.

Jumapili iliyofuata nilimpigia bibi simu nikamwambia, "Bibi, nilikosea. Goti halitapona. Litanyamaza tu."

Akanyamaza naye. Kisha akauliza swali ambalo hata mimi sikulifikiri: "Mbwa wa nyumbani akifungwa mdomo, nitajuaje kuwa mwizi amekuja?" Nikamweleza kuwa mishipa mingine ya goti hubaki, hata ataendelea kujua mguu uko wapi na kama amejigonga, na kwamba madaktari hutaka mgonjwa autumie muda ule wa utulivu kuitia nguvu misuli ya paja, kwa kuketi kitini na kusimama mara nyingi kila siku, maana paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo.

"Hiyo ya kitini yahitaji sindano?"

"La, bibi. Hata leo waweza kuanza, pole pole."

"Na hiyo miezi sita, ni msimu mmoja wa maharagwe?"

Nikasema ndiyo, pengine miwili. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo. Akaniambia nimwombe shangazi aulize bei, na kama kuna wanaofanya kazi hiyo karibu zaidi kuliko London. Ng'ombe bado yuko zizini, na shangazi hajajibu.