Picha ya Mradi ni Ushuhuda: Tujifunze Kutambua Picha Iliyochezewa

Wapendwa wanakamati na wafadhili, picha ya kisima au darasa inayoambatana na taarifa ya mradi ni ushuhuda. Ikichezewa, inakuwa ushuhuda wa uongo, na anayeumia ni yule aliyekuwa akisubiri maji.

Hata mashirika makubwa yamepatwa na jambo hili. Mwezi Agosti 2006, shirika la habari la Reuters liliondoa picha 920 za mpiga picha mmoja, baada ya kugundulika kwamba moshi juu ya jiji la Beirut ulikuwa umeongezwa kwa kompyuta.

Alama ya picha

Njia mojawapo ya uchunguzi ni kuipa picha alama yake, mithili ya alama ya kidole. Programu ya kompyuta hufanya hivi:

1. Huipunguza picha hadi miraba 64 (8 kwa 8) na kuiondolea rangi.
2. Hutafuta wastani wa mwangaza wa miraba yote.
3. Mraba wenye mwangaza unaozidi wastani hupewa 1. Wenye mwangaza pungufu hupewa 0.

Tunapata tarakimu 64. Tukilinganisha picha mbili, tunahesabu tarakimu zinazotofautiana. Picha iliyopunguzwa ukubwa tu ili itumwe kwa barua pepe hutofautiana kidogo sana na ya kwanza, au haitofautiani kabisa. Picha zisizohusiana hutofautiana karibu nusu ya tarakimu. Hivyo picha ya kisima kimoja ikitumwa kwa majina ya vijiji viwili, itajulikana.

Tahadhari

Mtu akibadilisha mwaka ulioandikwa kwenye kibao cha mradi, huenda isigeuke hata tarakimu moja, kwa kuwa miraba 64 haioni mambo madogo. Ndiyo maana wataalamu huigawa picha katika vipande na kukipa kila kipande alama yake, kilichoguswa hujitokeza.

Zaidi ya hayo, alama haifai kitu kama hatuna picha ya asili ya kulinganisha. Katibu wa kamati ahifadhi picha kama ilivyotoka kwenye kamera, siku ile ile ilipopigwa. Na alama zikitofautiana, tusiharakishe kumhukumu mtu. Tumuulize kwanza, kisha twende tukakione kisima chenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Picha za asili za miradi yetu zinatunzwa wapi, na nani?
2. Kabla taarifa haijatumwa kwa wafadhili, nani huenda kuuona mradi kwa macho yake?